Hati ya Makabidhiano

Dokta Nambunga, karibu Newala.
Funguo ni tisa, milango ni saba.
Hizo mbili usiniulize,
nami nilikabidhiwa hivyohivyo.

Sefu ya mitihani haifunguki kwa ufunguo peke yake:
inua mkono wake, sukuma kwa goti, kisha tukana kidogo.
Lugha yoyote, ila imezoea Kimakonde.

Mtandao hushika kwenye ngazi ya tatu, upande wa kaskazini,
ukungu ukishaondoka, kama saa nne hivi.
Hapo ndipo nilipofanyiwa usaili wa cheo,
nimeinua kompyuta kama mtu avukaye mto na mtoto,
na Makamu Mkuu wa Chuo akaganda kwenye kioo, mdomo wazi,
katikati ya neno "tunatambua".
Hadi leo sijui walitambua nini.

Fundi wa mabango hulipwa kwa herufi.
MKURUGENZI ni kumi, chuo kililipa.
KAIMU ni tano, nilizilipa mimi,
zikakaa mlangoni miaka tisa.
Barua ya kunithibitisha imefika Machi hii.
Nastaafu Juni.
Imeniandika Bwana.

Nilipoletwa huku wenzangu walisema nimetupwa.
Mihadhara ilikuwa kwenye kanda za kaseti;
niliifunga kwa khaki na uzi wa viroba
nikampa mwenye baiskeli anayekwenda Mahuta.
Baadaye zikaja sidii. Baadaye mfumo.
Baadaye mfumo wa kuchukua nafasi ya mfumo.
Kila kimoja kilikuja na semina, posho, na fulana.
Nina fulana tano, mbili zimekuwa madekio.
Mwanafunzi hakubadilika: mtu mmoja, taa moja,
saa tano za usiku, watoto wamelala,
anasoma sentensi ileile mara ya nne
na hakuna wa kumwuliza.
Huyo wa kuulizwa ndiye wewe sasa.

Tarehe ya mwisho ya ada ilipangwa na mtu asiyejua mnada.
Niliisogeza kila mwaka.
Barua za onyo zimo kwenye faili jekundu, ziko nne,
ya tatu ina doa la chai, samahani.
Afadhali nionywe mimi
kuliko Sharifa Chilumba, nesi wa Kitangari,
kuuza korosho zake kangomba, bakuli kwa bakuli,
mti ungali na maua.

Kazi za Julai hunuka salfa. Fungulia dirishani.

Dadi Likoko, karani wa mizani kule Tandahimba,
yuko mwaka wa pili tangu mwaka wangu wa pili.
Mfumo humfuta kila Septemba,
Oktoba humrudisha kwa mkono.
Usimwulize atamaliza lini.
Mwulize amesoma nini, lakini vuta kiti kwanza.

Machapisho yangu ni matatu. Kamati iliyahesabu upesi.
Barua nilizowaandikia wanafunzi, elfu sita na ushee,
hazikuwa na safu kwenye fomu yao.
Sisemi kwa uchungu.
Hapana, nasema kwa uchungu; lifute hilo la kwanza.

Binti yangu aliwahi kuniuliza, mama, darasa lako liko wapi?
Nikamwonyesha barabara ya Masasi,
nikamwonyesha ya Mtwara,
nikamwonyesha kijinjia cha nyuma ya stoo.
Akadhani sikumsikia.

Hapa chini ndipo ninaposaini: Somoe Nannauka.
Mstari wa cheo nimeuacha wazi.
Kalamu hii wino unakatika, ikandamize.

Jambo la mwisho, si la ofisi.
Maji hutoka Jumanne tu, bomba la uani,
na leo ni Jumanne.
Weka ndoo kwanza,
kisha uje usaini.